Mojito ya Madafu na Tui

Mojito ni kinywaji cha Havana, mji mkuu wa Kuba, na vitu vinavyokiunda ni vichache: ramu nyeupe, maji ya ndimu, sukari ya miwa, majani ya mnanaa, maji ya soda na barafu. Kila kimoja kina kazi yake, na kikizidi au kikipungua mnywaji hutambua mara moja. Nilikitengeneza kwa miaka kadhaa nikiwa mhudumu wa baa katika hoteli za ufuo wa kaskazini mwa Mombasa, na tangu nilipoacha kazi hiyo nimeendelea kukitengeneza nyumbani, kwa wageni wanaokunywa pombe na kwa wale wasioigusa. Toleo ninalolipenda kuliko yote ni la nazi, na nina msimamo juu yake ambao ningependa kuueleza kwa kirefu: katika mji wetu, nazi ya mojito haina haja ya kutoka kwenye kopo. Inapaswa kuingia ndani ya gilasi kwa njia mbili, yaani maji ya dafu yachukue nafasi ya soda, na shira ya tui ichukue nafasi ya sukari.

Sisemi hivyo kwa kuchukia bidhaa za viwandani. Krimu tamu ya nazi inayouzwa kwenye makopo ilibuniwa Puerto Rico katikati ya karne ya 20, na ndiyo iliyozaa piña colada, kinywaji cha nanasi, nazi na ramu ambacho mwaka 1978 kilitangazwa kuwa kinywaji rasmi cha kisiwa hicho. Piña colada hutaka uzito. Hunywewa polepole, na nanasi lina nguvu ya kutosha kuubeba utamu wote ule. Mojito ni chepesi, na kazi yake ni kumburudisha mtu aliyechoshwa na jua. Ukikitia krimu iliyosheheni sukari na mafuta, harufu ya mnanaa hupotea, nawe hulazimika kuongeza ndimu hadi ukali wake uchome koo, na mwishowe unapata kinywaji ambacho si mojito wala si piña colada.

Wapo wanaoniambia kwamba mojito yenye nazi si mojito, kwamba Wakuba hawakuitia nazi na sisi hatuna ruhusa ya kuibadili. Hoja hiyo naiheshimu, lakini historia haiiungi mkono. Karibu kila kitu kilichomo ndani ya gilasi hiyo kilifika Kuba kutoka mahali pengine. Asili ya miwa ni kisiwa cha New Guinea, na ilifikishwa katika visiwa vya Karibi na Christopher Columbus katika safari yake ya pili, mwaka 1493, pamoja na mbegu za machungwa na malimau. Ndimu ilianzia Asia ya kusini-mashariki, na mnanaa ulitoka pande za Ulaya na Mediterania. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba alikuta kisiwa chetu kikiwa na migomba na milimau, na hilo lilikuwa zaidi ya miaka 160 kabla Columbus hajazipeleka mbegu zake ng'ambo.

Hata nazi ya Karibi ni mgeni kule, na ugeni wake unatuhusu kwa karibu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia imegawanyika katika makundi mawili makubwa, moja la Bahari ya Pasifiki na jingine la Bahari ya Hindi, na kwamba minazi ya pwani za Atlantiki na visiwa vya Karibi ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi, iliyobebwa na Wareno baada ya kuijua njia ya meli ya kuizunguka Afrika. Vasco da Gama, nahodha wao wa kwanza kuifuata njia hiyo hadi huku, alitia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Mnazi unaopepea leo karibu na Havana ni jamaa wa mnazi wa Kilifi na Kwale, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba katika mkusanyiko wote huu wa wageni, nazi peke yake ndiyo ionekane kuwa imejialika.

Nianze na dafu, kwa kuwa ndilo linalokibeba kinywaji chote. Tunda la mnazi hupita hatua nyingi, kutoka kidaka hadi kitale, dafu, koroma na hatimaye nazi yenyewe, na kwa kazi yetu tunataka dafu ambalo maji yake yamefikia utamu lakini nyama yake bado ni laini, ya kukombwa kwa kijiko. Maji ya kitale hayajapata utamu, na ya koroma yameanza kuupoteza. Wauza madafu wa mikokoteni walio kando ya Barabara ya Mama Ngina wanaijua tofauti hiyo kabla hawajainua panga. Mzee ninayenunua kwake huniuliza kila mara, "Mwanangu, nikukatie la maji au la nyama?" Nami humjibu, "Nipe mawili ya maji na moja la nyama, mzee wangu," kwa sababu ile nyama laini nayo ina nafasi yake ndani ya gilasi, kama nitakavyoeleza. Ukibahatika kupata madafu ya kitamli, yale ya rangi ya manjano au ya chungwa yanayotoka kwenye minazi mifupi, yachukue bila kusita, maana maji yake ni matamu sana.

Dafu moja la kawaida hutoa maji ya kutosha gilasi tatu au nne. Ninachokithamini zaidi katika maji hayo ni kwamba utamu wake ni wa kiasi, chini sana ya ule wa soda za chupa, na kwamba yana madini, hasa potasiamu, yanayoyapa ladha ya chumvi kwa mbali. Chumvi hiyo hulainisha ukali wa ndimu kwa namna ambayo maji ya soda hayawezi. Jambo pekee linalokosekana ni gesi, na kwa anayeipenda ile hali ya kuwasha ulimini, funda moja la maji ya soda juu ya gilasi iliyokamilika linatosha. Yatumie maji ya dafu siku ile ile uliyolifungua. Yakishakutana na hewa, vimeng'enya vilivyomo huanza kuibadili ladha, na wakati mwingine maji hugeuka rangi ya waridi. Na katika joto la Mombasa, hasa wakati wa kaskazi, hayachukui muda kuchachuka. Ni afadhali ununue dafu zima na kulifungua nyumbani, au uyatie maji kwenye chupa safi iliyojaa hadi shingoni na kuiweka kwenye friji bila kuchelewa.

Tui ndilo lenye elimu nyingi zaidi, na ndilo watu wengi hulikosea kwa ukarimu. Hudhani kwamba kwa kuwa tui la kwanza ndilo bora kwa wali na kwa mchuzi wa samaki, basi ndilo bora kwa kila kitu. Katika kinywaji baridi halifai. Mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya takriban nyuzi 24 za selsiasi, na gilasi iliyojaa barafu iko chini sana ya hapo, kwa hiyo tui zito likiingia humo mafuta yake huwa chembechembe ndogo ngumu zinazoganda kwenye kaakaa na kuacha utando kwenye ukingo wa gilasi. Tui la kwanza liweke kando kwa chakula cha jioni. Tunalolihitaji ni tui la pili, ambalo lina harufu ya nazi ya kutosha na mafuta machache.

Chagua nazi kavu ambayo ukiitikisa unayasikia maji yake, na uyakague macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Ukivunja zaidi ya moja, inuse kila moja kabla ya kuzichanganya, kwa sababu wahenga waliosema kwamba nazi mbovu harabu ya nzima walikuwa wanazungumza na mpishi kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Ikune kwa mbuzi bila kufika kwenye ngozi ya kahawia iliyo karibu na kifuu, kwani ngozi hiyo hulitia tui rangi ya vumbi. Siku hizi wengi hutumia blenda, nami sioni ubaya wowote, ila nazi iliyosagwa kwa blenda huacha unga mwembamba unaopita kwenye chujio la kawaida, na kwa sababu hiyo ichujwe mara ya pili kwa kitambaa safi. Kamua tui la kwanza, kisha yamiminie machicha maji ya vuguvugu kiasi cha kikombe kimoja kwa nazi moja, yaache kidogo, na ukamue tena.

Kila anayepika pwani anajua kwamba tui hukatika. Likichemshwa bila kukorogwa hukatika, na likitiwa ndimu au ukwaju kwa pupa hukatika pia. Ndani ya tui kuna matone madogo sana ya mafuta yaliyozungukwa na protini zinazoyazuia yasiungane. Moto mkali huziharibu protini hizo, na ukali wa ndimu huzifanya zishikamane, ndipo vipande vyeupe vinapoonekana na mafuta yakapanda juu. Mojito ni kinywaji cha ndimu, kwa hiyo hatari hiyo ipo tangu mwanzo, na njia niliyoizoea ya kuipunguza ni kulipika tui pamoja na sukari kabla halijakutana na ndimu. Shira iliyo nzito huyafanya matone ya mafuta yasisogee kwa urahisi, na kwa kuwa kila gilasi inahitaji shira kidogo tu, hata tui likianza kukatika mnywaji huwa amekwisha kumaliza.

Shira yenyewe ni rahisi. Tia kikombe kimoja cha tui la pili na kikombe kimoja cha sukari nyeupe katika sufuria, pamoja na chumvi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, na uweke juu ya moto mdogo. Chukua upawa, uwe unainua na kumimina, unainua na kumimina, vile vile tunavyofanya kwa mchuzi, na usiruhusu ichemke. Sukari ikishayeyuka na shira ikaanza kushika mgongo wa upawa, ondoa motoni, iache ipoe, chuja, na uihifadhi katika chupa kwenye friji. Itakaa siku tatu bila kupoteza harufu yake. Ukikuta imejitenga, itikise chupa kwa nguvu. Nimeulizwa kuhusu sukari guru, na jibu langu ni kwamba inafaa katika vyakula vingi lakini si katika kinywaji hiki. Rangi yake hukifanya kinywaji kionekane kichafu, na harufu yake nzito hukaa mbele ya mnanaa.

Mnanaa nao unahitaji heshima. Ninaununua katika soko la Marikiti asubuhi mapema, kabla jua halijaulegeza, na mama anayeniuzia hunichagulia fungu lenye mashina membamba na majani madogo ya juu. Wakuba hutumia aina wanayoiita hierbabuena, yenye harufu tamu na isiyo na ule ubaridi mkali wa pipi za mnanaa. Huu wetu, unaonunuliwa kwa ajili ya biriani na chatini, unaifaa kazi hiyo kabisa. Ukifika nyumbani, yakate mashina kidogo kwa chini na uyasimamishe ndani ya gilasi ya maji, nao utabaki hai hadi jioni.

Kosa ninaloliona mara nyingi, hata katika baa zenye wahudumu stadi, ni kuuponda mnanaa. Mafuta yenye harufu yako kwenye vifuko vidogo sana juu ya uso wa jani, na vifuko hivyo hupasuka kwa kubonyezwa tu. Ukiliponda jani hadi likararuka, unaifungulia njia ile ladha chungu iliyomo ndani yake, na vipande vya kijani huelea katika gilasi na kunasa kwenye meno. Katika mojito ya kawaida uchungu huo unaweza kufichwa na gesi ya soda. Katika mojito ya nazi haufichiki, kwa sababu tui na dafu ni vitu vya upole na huyaacha yote yasikike. Bonyeza kwa mchi mara tatu au nne, kwa mkono mwepesi, kisha uache.

Kuhusu ndimu sina mengi. Chagua zenye ganda jembamba ambazo zimeanza kugeuka manjano, maana hizo zina maji mengi kuliko za kijani kibichi. Zibiringishe mezani kwa kiganja kabla ya kuzikata, na uzikamue wakati ule ule wa kutengeneza. Maji ya ndimu yaliyokamuliwa asubuhi huwa na ladha nyingine kabisa jioni.

Ramu ya mojito ni ile nyepesi, nyeupe, ya aina iliyositawi Kuba katika karne ya 19. Facundo Bacardí Massó alifungua kiwanda chake Santiago de Cuba mwaka 1862, na kuichuja ramu kwa makaa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya iwe laini. Ramu nyeusi iliyokaa miaka mingi kwenye mapipa ni nzuri, lakini si hapa. Kipimo ni mililita 45 kwa gilasi moja. Jihadhari na ramu zilizotiwa ladha ya nazi kiwandani, kwa sababu ukishakuwa na dafu na tui halisi mbele yako, ile harufu ya kutengenezwa hujitokeza mara moja na kuharibu kazi yote uliyoifanya.

Wengi wa majirani na ndugu ninaoishi nao hawanywi pombe, na nisingependa wapewe kinywaji kilichopungukiwa na kitu. Kwa hiyo toleo lisilo na ramu nalitengeneza kwa uangalifu ule ule. Ramu huleta joto fulani kooni, na pengo lake lisipozibwa kinywaji huwa tamu tupu. Jawabu nimeliazima kwa wauza maji ya miwa wa mjini, wanaosaga miwa pamoja na tangawizi na ndimu: kijiko kimoja cha maji ya tangawizi mbichi iliyokunwa na kukamuliwa, na ndimu kidogo zaidi ya kawaida. Muhimu kuliko ladha ni vyombo. Mchi, jagi na gilasi za wasiokunywa pombe ziwe mbali, zisiwe zimegusana na ramu, na mgeni aelezwe hivyo kabla hajalazimika kuuliza.

Sasa gilasi moja. Tia majani manane hadi kumi ya mnanaa katika gilasi ndefu, pamoja na vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu, na ubonyeze kama nilivyosema. Katika chupa yenye mfuniko imara, tia vijiko viwili vya chakula vya shira ya tui, ramu mililita 45 au maji ya tangawizi, na vipande vitatu vya barafu, kisha tikisa kwa nguvu hadi chupa ianze kutoa jasho kwa nje. Jaza gilasi barafu hadi juu, mimina ulichokitikisa, halafu ongeza maji ya dafu, takriban mililita 100. Koroga mara moja tu kutoka chini kwenda juu. Tupia vipande vyembamba vya nyama ya dafu, na umalizie kwa shina moja la mnanaa ulilolipiga kati ya viganja vyako ili harufu yake imfikie mnywaji kabla ya kinywaji chenyewe. Onja. Likikosekana jambo, mara nyingi ni ndimu, si sukari.

Barafu inastahili neno lake. Wakati wa kaskazi, barafu ya kawaida huyeyuka kabla gilasi haijafika nusu, na nusu inayobaki huwa ya maji matupu. Tangu nilipoanza kugandisha maji ya dafu katika vyombo vya barafu usiku wa kuamkia siku ya wageni, tatizo hilo limekwisha, kwa kuwa kinachoyeyuka ni dafu lile lile. Zigandishe gilasi pia, ukiwa na nafasi.

Kwa wageni wengi, usichanganye kila kitu kwenye jagi moja saa mbili kabla. Changanya shira, maji ya dafu na ramu, au tangawizi kwa jagi la pili, na uyaweke kwenye friji. Maji ya ndimu yakae peke yake, na mnanaa ubaki ndani ya maji yake. Wageni wakishaketi, bonyeza mnanaa pamoja na ndimu katika kila gilasi, tia barafu, ulikoroge jagi vizuri, na umimine. Tui la kwanza ulilolitenga mchana litakuwa bado lipo, tayari kwa wali wa nazi watakaoula baadaye.